Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kuokoa Umeme Mabwenini

Ndugu wanachama,

Kwa heshima naleta mbele yenu taarifa ya mwaka. Shughuli za kawaida mnazijua: semina kwa wanafunzi wapya, vibandiko vya "Zima taa", vikao na msimamizi wa mabweni, na kubadilisha balbu za korido. Zile za zamani zilikuwa za wati 60, hizi za LED ni wati 9, na mwanga ni uleule. Nawashukuru walioshika ngazi.

Ninalotaka kulisemea kwa kirefu ni uamuzi wa kubandika usomaji wa mita kwenye ubao wa matangazo. Limesemwa mengi, machache mbele yangu na mengi kisogoni. Leo naomba nisikilizwe.

Kwa muda mrefu tulihimiza watu wachomoe chaja. Nami nilihimiza hivyohivyo nilipoanza uongozi, mpaka nilipokaa kupiga hesabu. Chaja ya simu iliyoachwa tupu kwenye soketi hula chini ya nusu wati. Iache mwaka mzima, haifiki uniti 5. Hita ya ndoo ya wati 1,500 humaliza uniti hizo 5 kwa saa 3 na dakika 20. Birika la umeme huvuta wati 2,000 hivi, pasi 1,000 au zaidi, feni kama 60, kompyuta mpakato 50 hivi. Tulikuwa tunawachosha wenzetu kwa nusu wati huku ndoo inachemka uvunguni mwa kitanda.

Na mwenye ndoo hana habari, kwa sababu bili haioni. Chumba amelipia kwa mkupuo. Awashe asiwashe, malipo ni yaleyale. Ndipo nikapendekeza aonyeshwe mita. Mwaka 2005 chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio nchini Marekani, kilishindanisha mabweni yake kwa wiki mbili, wanafunzi wakifuatilia matumizi yao. Umeme ulishuka kwa wastani wa asilimia 32, na mabweni yaliyoona matumizi papo hapo kwenye kompyuta yalishusha asilimia 55. Hatuna mitambo yao. Tuna mita ya kila ghorofa, karatasi na kalamu.

Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe. Kila Jumapili saa mbili usiku nilipanda ngazi na tochi ya simu. Mita ya ghorofa ya pili iko nyuma ya mlango wa stoo, na kioo chake kimeshika vumbi; usipokifuta kwa kidole, huwezi kujua tarakimu ya mwisho ni 3 au 8. Kwa mihula miwili nimekosa Jumapili mbili tu, zote nikiwa na mtihani kesho yake.

Mmesema tumewaaibisha watu. Karatasi haikuwa na jina la mtu wala namba ya chumba. Iliandikwa ghorofa na uniti za wiki, basi. Mmesema pia nilibandika kabla kamati haijakaa. Ni kweli, nami sikukataa hata siku moja. Kikao kiliitishwa mara mbili, na mara zote mbili tulifika wanne kati ya tisa. Ningeita mara ya tatu, muhula ungekwisha.

Hoja moja ilinigusa, na aliyeitoa alisimama akaisema wazi: ghorofa ya kwanza, waliokuwa wanatumia kidogo kuliko wote, walipoona wenzao wanatumia zaidi walilegea. Utafiti uliofanyika San Marcos, California, na kuchapishwa mwaka 2007 ulikuta jambo hilohilo. Nyumba zilizoambiwa kuwa ziko chini ya wastani ziliongeza matumizi. Zilizochorewa uso wa tabasamu kando ya takwimu zilibaki palepale chini. Kwa hiyo tangu muhula wa pili nachora tabasamu kwa mkono kwa kila ghorofa iliyo chini ya wastani. Wengine wameliita jambo la kitoto. Nalitetea.

Sasa mahudhurio. Mkutano huu umeanza saa nzima baada ya muda uliotangazwa, tukisubiri akidi. Waliojiandikisha ni 68, waliolipa ada ni 23, na kati ya hao 23 wapo waliolipa baada ya mweka hazina kugonga milango yao mara tatu. Inaniuma, kwa sababu wasiolipa ndio waliolalamika zaidi kwamba vibandiko vimechakaa. Vya muhula wa pili nilivilipia mfukoni mwangu. Sidai kurudishiwa, ila naomba iandikwe kwenye kumbukumbu.

Mwaka ujao, tukijaliwa, tunatarajia kuzungumza na uongozi wa chuo kuhusu maji ya moto ya jua, maana hita za ndoo hazitaisha kwa makemeo kama mtu hana pengine pa kupata maji ya moto alfajiri. Tunatumaini pia kuwa na chumba kimoja cha kupigia pasi kwa kila bweni. Tarehe bado hatujapanga.

Karatasi ya Jumapili itaendelea kubandikwa mpaka mkutano huu uamue vinginevyo kwa kura. Anayetaka kushika zamu ya kusoma mita, tochi ninayo na ufunguo wa stoo uko kwangu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti