Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kwa Nini Hatukununua Mashine ya Eko

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu wa watoto wenye matatizo ya moyo, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Naanza na lile lililoleta maneno mwaka mzima, maana najua wapo waliotoka Newala na Nanyumbu kwa ajili hiyo tu. Mashine ya eko hatukuinunua. Kwenye kamati mimi ndiye niliyepinga zaidi, kwa hiyo lawama nileteeni mimi, mweka hazina mwacheni.

Eko ni ultrasaundi ya moyo. Haina mionzi kama eksirei. Hutuma mawimbi ya sauti tusiyoyasikia, na mwangwi wake ndio unaochora moyo ukiwa unapiga. Lakini mashine haijisomi. Moyo wa mtoto wa wiki 20 tumboni hauzidi sana korosho iliyobanguliwa, nao unadunda mara 110 hadi 160 kwa dakika huku mwenyewe akijigeuzageuza. Tena kabla ya kuzaliwa kila mtoto ana kitundu kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo, na mshipa wa kupitishia damu isiende yote kwenye mapafu. Hivyo ndivyo anavyotakiwa kuwa. Asiyefundishwa atamliza mama bure, au atamwambia hamna kitu kumbe kipo. Mimi mwenyewe miaka yote niliamini nyekundu kwenye skrini ni damu safi na bluu ni chafu, mpaka daktari aliponicheka: nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa, bluu ni inayokwenda mbali nacho. Basi. Na mtu kama mimi ndiye mlitaka nikanunue mashine!

Fedha ile tumeipeleka kwenye nauli na malazi ya wenye rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na kwenye kuwafuata kina mama wajawazito kliniki. Hapa kazi bado. Kipimo cha moyo wa mtoto tumboni hufaa zaidi kati ya wiki 18 na 24, na huku kwetu mimba hufichwa mpaka ijitangaze yenyewe. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa, mwenye tatizo la moyo la kuzaliwa au aliyekwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo, asingoje kuambiwa, aulize.

Kwa nini mapema? Yapo matatizo ambayo mtoto huzaliwa mzima machoni, kisha siku chache baadaye mshipa ule niliousema unajifunga, naye anageuka bluu. Wakati huo Dar iko zaidi ya kilomita 550, na Mei 2024 mliona barabara ilivyokatika kule Kilwa. Mama aliyejua mapema hujifungulia karibu na wataalamu.

Mwenzetu mmoja wa Tandahimba aliniruhusu niseme yake. Mwanawe alitibiwa nimonia mara tatu kwenye kituo kimoja cha afya. Alikuwa akinyonya kidogo anachoka, jasho linamtiririka kichwani, na bibi yake akisema ni joto. Eko ilionyesha tundu kubwa kati ya vyumba vya chini. Mimba iliyofuata alikwenda kupimwa wiki ya 20, na moyo ukaonekana salama. Alipiga simu usiku, hakusema neno kwa muda, nikadhani mtandao umekata.

Ada: wengi mnalipa korosho zikishauzwa mnadani, na hatuna ugomvi na hilo. Shida ni miezi ya kupulizia mikorosho salfa, mfuko unapokauka na rufaa haziishi. Anayeweza alipe nusu mapema. Hesabu atazisoma mweka hazina.

Wenye watoto wa kupimwa mwezi ujao, wabaki baada ya mkutano tupange safari. Mtoto akilia na kurukaruka, picha haisomeki. Wa kunyonya mnyonyesheni pale pale kitandani, na jeli ni ya baridi, mwambieni kabla haijamgusa.