Magofu ya Mbweni yalikuwa skuli

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu zile kuta za mawe zilizoko Mbweni, kusini ya Mji Mkongwe. Maharusi huenda kupigia picha pale, na sote tumezoea kupaita magofu. Hivi karibuni nilimsikia kijana akimwambia mgeni kuwa palikuwa gereza la watumwa. Sikuweza kunyamaza.

Palikuwa skuli ya wasichana. UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ilinunua shamba la Mbweni mwaka 1871, wakati ikiongozwa na Askofu Tozer, ikawaweka hapo, katika kijiji chao, watu waliotolewa utumwani. Wengi waliokolewa baharini, manowari za Kiingereza zilipoyasimamisha majahazi yaliyowabeba. Watoto wa kike walipelekwa Skuli ya Mtakatifu Maria, na kuta zake ndizo hizi. Kanisa la Mtakatifu Yohana lililo jirani, lililowekwa wakfu mwaka 1882, lilikuwa la kijiji hichohicho, na watu bado wanasali humo.

Bibi Caroline Thackeray alikuja mwaka 1877 akaisimamia skuli hiyo miaka mingi, na Mbweni ndiko alikozikwa. Anastahili heshima yake. Lakini mimi nawafikiria zaidi wanafunzi. Mtoto aliyeporwa kwao, asiyeijua hata njia ya kurudi, alikaa humo akajifunza kusoma na kuandika. Baadhi yao wakatoka walimu, wakavuka bahari kwenda kufundisha kwenye misheni za bara. Hao ni walimu wenzangu, na ninaona uchungu nyumba yao ikiitwa gereza.

Jina la skuli liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pale mtu anapoingia. Na nyufa zikizibwa, zizibwe kwa chokaa kama walivyojenga wenyewe. Saruji huufungia unyevu ndani, na jiwe la matumbawe likishikwa na unyevu humumunyika taratibu mpaka ukuta ukaanguka. Mafundi wa chokaa tunao. Wamefanya kazi Mji Mkongwe miaka yote.

Skuli za Mbweni na Kiembesamaki ziko karibu, wanafunzi wanaweza kwenda kwa miguu. Walimu wa historia wawapeleke asubuhi moja kabla ya masika, somo lisomeshwe palepale, ndani ya kuta zile.

Mwalimu mstaafu,
Kiembesamaki, Unguja