Golf GTI iliyotembea sana ifunguliwe pampu kabla ya kulipiwa

Mhariri,

Wanaotafuta Golf GTI ya kizazi cha tano, ile ya 2.0 TFSI (injini ya petroli ya lita mbili yenye turbo), hukazia macho kilomita za dashibodi. Kilomita hurudishwa nyuma kirahisi. Heri gari la 160,000 lenye risiti za servisi kuliko la 90,000 lisilo na karatasi hata moja.

La kwanza ni pampu ya petroli ya presha kubwa. Injini ikiwa baridi na presha imeshatolewa, fundi afungue boliti tatu, achomoe kikombe kidogo cha chuma kinachosukumwa na kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini. Uso wake ukiwa bado mweusi, sawa. Weusi ukiisha na chuma kikang'aa, kibadilishwe. Kikitoboka kinakula kamshafti na pampu yenyewe, na bei yake ni maumivu. Muuzaji asiyetaka kifunguliwe aachiwe gari lake.

Mkanda wa taimingi usio na tarehe uhesabiwe umekwisha, ubadilishwe pamoja na pampu ya maji. Giaboksi ya DSG ya gia sita, ile otomatiki ya klachi mbili, hudai oili na filta kila kilomita 60,000. Ikigongagonga kwenye foleni injini ikiwa moto, punguziwa bei ya kutosha au ondoka.

Fundi wa magari,
Nairobi