Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: ORS yetu iko wapi?

Kwako Daktari,

YAH: KUKOSEKANA KWA ORS NA ZINKI KATIKA ZAHANATI YETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua nilizopitisha kwa mtendaji wa kijiji hazijajibiwa. Nadhani zimo kwenye faili, zina afya njema kuliko watoto wetu.

Wiki iliyopita dada yangu alimpeleka mwanawe zahanati, anaharisha maji matupu. Akaambiwa ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, imekwisha, na zinki ndiyo kabisa, haijaonekana tangu masika. Aende duka la dawa. Dukani akauziwa Flagyl ya maji, dawa ya kuua vijidudu, na kushauriwa asimpe mtoto chakula mpaka tumbo litulie. Usiku macho ya mtoto yakaingia ndani, analia machozi hayatoki. Bodaboda, hospitali, dripu. Kanyula, kile kimrija cha kuingizia dripu mshipani, tulinunua wenyewe, na pesa ikatoka kwangu mjomba mtu, katikati ya mwezi, tarehe ambazo mwalimu hana kitu. Bango la pale nje linasema watoto wa chini ya miaka mitano hutibiwa bure. Mpwa wangu amepona, namshukuru Mungu. Wewe sijui nikushukuru kwa lipi.

Nafundisha Biolojia, kwa hiyo niwie radhi nikikukumbusha unachokijua kuliko mimi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika Bongaon, upande wa India, na kipindupindu kikawafuata. Daktari Dilip Mahalanabis akaishiwa dripu. Hakuwaambia watu waende dukani! Yeye na wenzake walipima glukosi gramu 22, chumvi gramu 3.5 na bikaboneti ya sodiamu gramu 2.5 kwa kila lita ya maji, wakajaza mapipa, na ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 vikashuka hadi asilimia 3.6. Kazi hiyo aliichapisha mwaka 1973. Mwaka 1978 jarida la kitabibu la The Lancet likaandika kwamba kujua jinsi glukosi inavyoingia pamoja na sodiamu kwenye utumbo mwembamba, maji yakafuata, huenda ndiyo hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile.

Ile ilikuwa kambi, Daktari. Vita, matope, watu wamelala chini. Sisi lami inafika mpaka mlangoni mwa zahanati, na gari lako tumeliona likipita.

Ulipita pia kabla ya masika, kwenye mkutano wa hadhara, ukasema hakuna mtoto wa kijiji hiki atakayekosa ORS. Tukakupigia makofi. Mimi nilipiga.

Sababu tunasikia nyingi. Wapo wanaosema maombi ya dawa yalichelewa kutumwa, wapo wanaosema bohari ilileta pungufu, na wapo wanaosema pakiti zinatokea mlango wa nyuma. Hawa wa mwisho sitaki kuwaamini, ila ukimya wako hausaidii. Muuguzi wetu simlaumu, yuko peke yake. Kina mama anawaelekeza vizuri tu: lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari. Lakini zinki haichotwi jikoni. Mwaka 2004 WHO na UNICEF walisema mtoto anayeharisha apewe ORS pamoja na zinki, miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa aliye chini ya miezi sita, siku 10 hadi 14, na aendelee kula. Zinki inafupisha ugonjwa na kupunguza kurudi kwake miezi miwili mitatu inayofuata. Ni kidonge kidogo, wala si mashine ya kuagizwa Ulaya.

Naomba zahanati ipate ORS. Naomba na zinki. Naomba wauza dawa waelekezwe kwamba si kila kuhara ni Flagyl, na kwamba mtoto mgonjwa hanyimwi uji. Ukiona hayo ni mengi, acha ya wauza dawa, nitawafuata mwenyewe. Lete ORS na zinki. Zifike kabla ya vuli, Daktari, na naomba ziwe pakiti zenyewe, mkutano mwingine hatuuhitaji.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, mjomba wa mtoto