Yaya, ile kaye (daftari) ya Baba

Yaya, jambo sana. Mama eko muzima? Na batoto? Huku Liège baridi imeanza, mikono inakataa kuandika, lakini leo lazima niandike juu simu yako ya juzi haikuniacha kulala.

Ulisema Mama analalamika kama nimepunguza feza. Yaya, sijapunguza hata kidogo, ni dola 200 zilezile. Mwezi wa 8 wa 2025 ulizipeleka kwa kambiste, yule mwenye kubadilisha feza, pale Lubumbashi karibu na soko ya Kenya akakupa franga 560,000 juu dola ilikuwa franga 2,800, nyuma yake akakupa 460,000 juu ilishuka pa 2,300. Ile 100,000 haikubaki kwangu, haikubaki hata kwa kambiste. Banki Kuu iliuza dola kwenye soko, franga ikapata nguvu, batu bakashangilia, mi pia nilishangilia kidogo mpaka uliponiambia gunia ya bunga ya kilo 25 iko bei ileile ya wakati wa 2,800. Hapo njo kwenye shida iko! Dola ikipanda, bachuruzi banapandisha bei asubuhi ileile, dola ikishuka banasema hii stoki tuliipitisha Kasumbalesa, pa mpaka na Zambia, wakati dola ilikuwa kali.

Sasa zile picha za kaye ya Baba. Nimezisoma mara tatu. Anaanza na 1967, wakati feza yetu ilianza kuitwa zaire, bic ya bluu: zaire 1 = dola 2. Mbili, Yaya! Na zaire moja ilichukua nafasi ya franga 1,000. Na kabla ya uhuru franga ya kwetu Kongo na ya huku Ubelgiji zilikuwa sawasawa, moja kwa moja. Jirani yangu hapa, bibi mzee, mpaka leo akinunua mukate anazidisha na 40 ili ajue ni franga zake ngapi. Yake ilikufa mara moja tu na bakaizika vizuri, 40 na kitu kwa euro moja. Siye feza yetu ilikufa mara tatu.

Ukurasa wa 1993 ulinichekesha halafu ukaniumiza. Baba ameandika 5,000,000 na akaikata na mistari miwili. Ni ile noti yenye basoda (askari) balilipwa kule Kinshasa, bachuruzi bakaikataa, fujo ikalipuka. Mwezi wa 10 mwaka uleule ikakuja nouveau zaire (zaire mpya), moja kwa milioni 3 za zamani, na batu ba Kasai bakaikataa kabisa bakaendelea na zaire yao ya zamani, unakumbuka mjomba alifika kutoka Mbuji-Mayi na mfuko umejaa noti na pale kwetu hakuna mtu alizitaka? 1998 franga ikarudi, moja kwa nouveau zaire 100,000. Nimepiga hesabu kwenye simu: franga 1 ya leo ni zaire za zamani milyari 300. Na hiyo franga 1 hatuioni tena, hata 50 mtoto akiikuta njiani anaipita.

Lakini angalia pembeni. Kando ya kila bei ya dola kuna G na namba. Nilidhani ni deni. Ni gunia, Yaya, ni magunia ngapi feza yake ilinunua siku ile! Kutoka 2010 mpaka 2015 dola ilisimama pa franga 900 na kitu, anaandika 4, 4, 4. Shaba yenye inatuletea dola ikaanguka bei, 2016 dola ikavuka 1,000, ikamaliza mwaka juu ya 1,200, G inakuwa 3, halafu 2, na hapo bic imebonyezwa mpaka karatasi karibu itoboke.

Basi mi naomba tufanye kama Baba. Usiniambie tena franga ngapi, niambie gunia ngapi. Kuanzia mwezi huu natuma dola 240 mpaka bunga ishuke. Ya loyer iache kwa dola, mwenye nyumba anataka dola tu, na noti usizikunje, ikipasuka hata kidogo kwenye kona kambiste atakurudishia.

Msalimie Mama, nitapiga siku ya mungu. Na ile picha ya 2001 haionekani, nadhani kidole chako kilikuwa mbele ya kamera. Njo mwaka ule bei ya dola ya serikali iliacha franga 50 ikaruka mpaka juu ya 300, nataka nione Baba aliandika G ngapi. Piga ingine mchana, karibu na dirisha.