Barua ya wazi kwa Waziri wa Masuala ya Afrika Mashariki: mvunaji naye apewe karatasi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Bukwo, Uganda, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, ambako Kitale ya Kenya iko karibu kuliko Mbale yetu wenyewe. Kila mwaka ifikapo Oktoba, vijana wa huku hutia panga kwenye gunia, wakavuka mto Suam kwenda Trans Nzoia kuvuna mahindi. Hukata mabua, huyasimamisha mafungu yakauke, hupukuchua, hupakia. Disemba wanarudi, wengine na karo za wadogo zao, wengine mikono mitupu.

Mimi niliwahi kurudi mikono mitupu. Nilikuwa nimemaliza S4, yaani kidato cha nne. Tulifanya kazi wiki tano, mimi na binamu zangu wawili, tukilala kwenye ghala la mbolea. Siku ya malipo msimamizi alituuliza swali ambalo hakutuuliza siku ya kwanza: pasi zenu za kazi ziko wapi? Hatukuwa nazo. Akasema basi twendeni tukadai polisi, akijua fika kwamba hatuwezi kukanyaga huko. Tulitembea usiku kucha hadi Suam. Shamba silitaji; hata nikilitaja, jirani yake ni yule yule.

Kuvuka si tatizo letu. Tangu 2014 Mganda, Mkenya na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, na Ndaga Muntu yangu, ndicho kitambulisho chetu Waganda, inatosha pale mpakani. Ila inaniruhusu kupita tu. Nikitaka kushika panga kwa ujira, Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, inanitaka niwe na pasi maalumu kama kazi haizidi siku 90, na kibali cha kazi kama inazidi. Vyote viwili vinaanzia kwenye mkataba. Sasa, Mheshimiwa, ni mvuna mahindi gani uliyewahi kumwona na mkataba? Kazi yetu inaombwa alfajiri getini na kupimwa kwa gunia. Tena ukizisoma orodha za kazi ambazo nchi zetu zilikubali kufunguliana, wanaotangulia ni mameneja, wataalamu na mafundi. Aliyeandika orodha zile, nadhani, hakuwahi kupita Suam mwezi wa Novemba.

Wapo wanaosema tuige Marekani. Kule kuna viza ya wafanyakazi wa mashambani wa msimu, iitwayo H-2A, na mwajiri analazimika kumpa mfanyakazi malazi bila kumtoza. Hilo la malazi nalipenda, nikikumbuka lile ghala. Lakini viza yenyewe inamfunga mtu kwa mwajiri aliyemwombea. Akigombana naye, na haki ya kukaa inayumba. Sisi wa pande hizi jambo hilo tunalijua. Wakoloni wa Kenya walimvika Mwafrika kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni, na bila sahihi ya bwana wa kwanza hukupata kazi kwa bwana wa pili. Tafadhali msiturudishie kipande kwa jina jipya.

Ninachoomba ni pasi ya msimu mmoja, itolewe pale pale Suam kwa mwenye kitambulisho, bila ada, na isiandikwe jina la mwajiri. Shamba hili likinidhulumu, niende la jirani nikiwa bado halali, na nikishtaki nisiulizwe kwanza karatasi. Pia kuanzia Oktoba hadi Disemba awepo mpakani afisa wa leba, anayejua Kiswahili, wa kuandika malalamiko ya ujira na kuyafikisha kwa mwenzake wa Kitale. Huhitaji kusubiri nchi nane za Jumuiya zikubaliane. Kampala na Nairobi zinatosha kuanza. Kama tuliweza kupata fedha za kilomita 73 za lami kutoka Kapchorwa hadi Suam, meza moja na mhuri havitatushinda.

Najua utaambiwa kwamba vijana hawa wangebaki nyumbani walime. Wanalima. Mashamba yetu ni vipande vya kurithi, vinagawanywa kila baba anapofariki, na karo hailipwi kwa viazi.

Mdogo wangu ameshanoa panga. Nimemwambia angoje kwanza nione kama barua hii itajibiwa. Amecheka, akaniuliza gunia letu la zamani nililiweka wapi.

Wako mtiifu,
Mkulima wa Bukwo