Kitanzi Kimoja, Wateja Wengi: Barua kwa Rafiki

Mpendwa rafiki yangu,

Pokea salamu zangu za dhati. Barua yako imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kukujibu, kwa sababu swali lako ndilo lililonisumbua mimi mwenyewe kwa muda mrefu: imekuwaje seva yako ya PHP, uliyoiandika upya juu ya kitanzi cha matukio cha ReactPHP (maktaba ya PHP inayouwezesha mchakato mmoja kuhudumia wateja wengi), iwe nzito kuliko ile ya zamani iliyoendeshwa na PHP-FPM, yaani programu inayogawa maombi kwa michakato mingi ya PHP?

Nilipoupitia msimbo ulioniambatishia, jibu nililiona katika mstari mmoja tu, ule unaoiuliza hifadhidata kupitia PDO, kiunganishi cha kawaida cha PHP na hifadhidata. PDO hupeleka swali, kisha husimama hapo hapo hadi jibu lirudi. Chini ya FPM hilo halikuwa kosa, kwa kuwa kila mchakato hushughulikia ombi moja kwa wakati mmoja, na mmoja ukisubiri, mingine huendelea na kazi zake. Seva yako mpya, hata hivyo, ni mchakato mmoja wenye kitanzi kimoja. Kitanzi hicho huuliza mfumo wa uendeshaji ni soketi zipi (ncha za mawasiliano ya mtandao) zilizo tayari kusomwa au kuandikwa, huita fanksheni zinazohusika moja baada ya nyingine, kisha huuliza tena. Fanksheni moja ikikaa sekunde mbili ikiisubiri hifadhidata, kwa sekunde hizo mbili hakuna mteja yeyote anayesikilizwa, hata yule aliyehitaji jibu la neno moja. Ndivyo ilivyo pia kwa sleep inayolala kwa muda, kwa gethostbyname inayotafuta anwani ya IP ya jina la seva, na kwa file_get_contents inayosoma faili, unapoipa anwani ya mtandaoni.

Umeniandikia kwamba ulitegemea faiba (fiber), yaani vipande vya kazi vinavyoweza kusimama na kuendelea baadaye, zilizoingia katika PHP 8.1 mwezi Novemba 2021, zikuondolee taabu hii. Naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana wengi wameliamini. Kabla yake tulikuwa na jenereta, tangu PHP 5.5 ya mwaka 2013, ambazo ziliweza kusimamisha kazi katikati na kuiendeleza baadaye, ila neno yield, linalosimamisha kazi, lililazimika kupanda kutoka fanksheni hadi fanksheni mpaka juu kabisa. Faiba imeondoa mzigo huo: fanksheni iliyo ndani sana inaweza kusimama bila zile zilizoiita kubadilishwa hata herufi moja. Hiyo ni hatua kubwa na ninaithamini. Lakini faiba husimama pale tu msimbo wenyewe unapoamua kusimama, na PDO haijui kabisa kwamba iko ndani ya faiba. Unachohitaji ni dereva wa hifadhidata ulioandikwa kwa ajili ya kitanzi, ambao hupeleka swali, humwachia mwingine zamu, na huamshwa soketi inapopata jibu.

Ukiupata dereva huo, ndipo utakapoona faida. Chukua ukurasa unaohitaji majibu ya huduma tatu za nje, moja ikijibu kwa milisekunde 200, ya pili kwa 300 na ya tatu kwa 500. Ukiziita kwa kufuatana, msomaji anasubiri sekunde nzima. Ukizianzisha zote pamoja na kuzikusanya ahadi zao (promise, yaani vitu vinavyoshikilia nafasi ya majibu yatakayokuja), anasubiri takriban nusu sekunde. Hakuna hesabu iliyofanyika haraka zaidi, ni kusubiri tu kulikofanyika kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kazi ya kupunguza ukubwa wa picha, inayokamata kichakataji muda wote, haitafaidika kwa lolote. Ipeleke kwenye mchakato mwingine.

Sasa niingie katika lile linalonitia hofu zaidi kuliko kasi. Mradi mmoja niliowahi kuushughulikia ulikuwa na muunganisho mmoja wa hifadhidata uliotumiwa na maombi yote. Ombi la kwanza lilifungua muamala (kundi la maandishi yanayohifadhiwa yote au kufutwa yote), likaandika safu moja, likasimama kusubiri huduma ya nje; wakati huo ombi la pili likaandika safu yake kupitia muunganisho ule ule, likamjibu mteja kwamba kila kitu kimehifadhiwa. Huduma ya nje ilipokataa, ombi la kwanza lilifuta muamala, na safu ya yule wa pili ikapotea pamoja nao, bila kosa lolote kuandikwa kwenye kumbukumbu za seva. Tulilitafuta kwa siku kadhaa. Tangu hapo sikubali muamala ufunguliwe nje ya hodhi la miunganisho, ambamo kila muamala hupewa muunganisho wake peke yake hadi umalizike. Na kila mahali ninaposimama kusubiri, huwa najiuliza: nilichokisoma kabla ya kusimama, je, bado ni kweli ninapoendelea?

Kumbuka vilevile kwamba FPM ilikuwa ikikufagilia kumbukumbu ya kompyuta (RAM) kila ombi lilipokwisha. Mchakato unaoishi wiki nzima haufanyi hivyo, na orodha tuli (static), inayobaki hai kati ya maombi, ukiiongezea kitu kwa kila ombi, itaijaza kumbukumbu hiyo siku moja.

Kwa maoni yangu, kurasa zako za kawaida ziache kwenye FPM, na kitanzi ukipe ile huduma ya ujumbe, ambayo ina wateja wengi wanaobaki wameunganishwa huku wakizungumza kwa nadra. Kabla ya kubadilisha chochote, weka kipima muda ndani ya kitanzi kilie kila milisekunde 100, nacho kiandike kimechelewa kwa kiasi gani. Kikichelewa kwa milisekunde 2000, kuna fanksheni iliyokishika kitanzi, na saa iliyoandikwa itakuonyesha ni ombi lipi. Nitumie namba hizo, za kabla na za baada ya kumwondoa PDO, tuzisome pamoja.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa siku zote